Uzi wa kirikuu ya mzee: kuitambua Suzuki Carry ya zamani na kuirudisha barabarani

Habari zenu wakuu.

Huu uzi nimeuahidi kwenye nyuzi za watu mara nyingi, leo nimepata muda. Utakuwa mrefu, kwa hiyo mwenye haraka aupitie kidogo kidogo.

Mzee wangu alinunua kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, mwaka 2003 Dar, akaileta Muheza. Miaka kumi na mbili ilibeba machungwa kutoka shambani mpaka Tanga mjini. Msimu ukiisha inabeba madumu ya maji, saruji, mkaa, vitanda vya maharusi. Ada yangu ya sekondari yote ilitoka mgongoni mwa ile gari. Mwaka 2015 ikachemsha njiani, ikavutwa mpaka nyumbani na kuwekwa chini ya mwembe. Ikakaa pale miaka minane, kuku wakawa wanatagia kwenye siti.

Nilipoamua kuifufua nilianza kwa kukosea. Nilichukua kadi ya gari, imeandikwa Suzuki Carry, mwaka 1998, nikaenda nayo dukani kununua gasketi ya silinda hedi. Muuzaji akauliza "kirikuu?", nikajibu ndiyo, akanipa. Nimefika nyumbani haikai. Nikarudi, nikapewa nyingine, nayo haikai. Nauli ya Tanga mjini na kurudi mara tatu, na gasketi mbili ambazo hakuna aliyekubali kuzirudisha.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba neno "kirikuu" halitoshi kununulia hata plagi. Mtaani kwetu kila kigari cha mizigo cha Kijapani chenye pua fupi ni kirikuu: Suzuki Carry, Daihatsu Hijet, Mitsubishi Minicab, Honda Acty, Subaru Sambar. Hata Mazda Scrum ni kirikuu, na hiyo kwa kweli ni Carry yenye nembo ya Mazda. Zinafanana kwa sababu sheria ya Japani imezifunga kwenye kipimo kimoja, na viwanda vyote vinajenga mpaka ukingoni mwa kipimo hicho.

Kwa hiyo kama una kirikuu imelala, usinunue chochote kwanza. Chukua tepu ya kupimia.

Zamani gari za daraja hili zilikuwa na injini ya cc 360. Mwaka 1976 Wajapani wakaruhusu cc 550, urefu mita 3.2 na upana mita 1.4. Mwaka 1990 ikawa cc 660 na urefu mita 3.3, upana ule ule. Oktoba 1998 wakapanua tena, urefu mita 3.4 na upana mita 1.48. Ya mzee nilipopima, upana ni sentimita 139 na nusu, urefu 329 na nusu. Hapo tu nikajua ni ya cc 660 ya umbo la kabla ya Oktoba 1998, na kwamba spea za kirikuu hizi mpya mpya zilizojaa mjini siziguse.

Hatua ya pili, namba ya chesisi. Gari zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani kwenyewe hazina ile namba ndefu ya tarakimu 17. Zina herufi na namba chache za modeli, kistari, halafu namba ya gari yenyewe. Yangu inaanza na DC51T. Hiyo herufi T ya mwisho ni ya pikapu, ingekuwa V ni ya van. DC51T inavuta kwa tairi za nyuma pekee, ndugu yake anayevuta kwa tairi zote nne ni DD51T. Nilikwangua chesisi kwa brashi ya waya na mafuta ya taa karibu saa nzima ndipo namba ikaonekana, nikailinganisha na kibati cha kiwandani kilichomo ndani ya kibini, nikalinganisha na kadi. Zikakubaliana zote tatu. Kama zako hazikubaliani, au kuna alama za kuchomelea kuzunguka namba, simama hapo hapo kabla hujaweka hata shilingi, maana unaweza kutengeneza gari ambayo hutaruhusiwa kuitembeza.

Hatua ya tatu, mwaka. Mzee anatunza karatasi kama benki, kile cheti cha Kijapani cha kufuta usajili bado alikuwa nacho kwenye bahasha ya kaki. Mwaka umeandikwa kwa kalenda yao, Heisei 5. Heisei ilianza Januari 1989, kwa hiyo ukikutana nayo jumlisha 1988. Ukikuta Showa, jumlisha 1925. Heisei 5 ni 1993. Nikavuta mkanda wa siti ya dereva mpaka mwisho, kuna kilebo kimeshonwa kule chini, nacho kinasema 1993. Kadi ilikuwa imekosea miaka mitano.

Na injini? F6A, cc 657, silinda tatu, mkanda wa taimingi wa mpira. Lakini kumbe F6A zenyewe ziko za valvu 6 na za valvu 12. Mzee alishabadilisha injini mwaka 2009 akaweka ya mtumba, jambo ambalo alilikumbuka siku nilipomwonyesha zile gasketi mbili. Hiyo ya mtumba ni ya valvu 6. Kwa hiyo hata namba ya chesisi ingenidanganya: chesisi inakwambia gari ilizaliwa na nini, injini iliyomo lazima uisome yenyewe.

Nitaendelea na matengenezo jioni. Karibuni kwa maswali.

Mdau wa Arusha

Mkuu uzi mzuri sana. Mimi nimeuziwa moja huku, haina nembo hata moja, imepigwa rangi ya kijani mpaka kwenye vioo vya taa. Chesisi inaanza na S83P. Mafundi watatu wamenipa majibu matatu.

Mleta uzi

Hiyo ni Daihatsu Hijet mkuu, ya miaka ya mwanzo ya tisini, inavuta tairi nne, injini EF ya cc 659. Usikubali spea ya Suzuki hata kama fundi anaapa.

Na kwa wengine ambao namba imeliwa na kutu, kuna njia ya kuanzia: tafuta injini iko wapi. Nyanyua siti. Ukiikuta chini ya siti, una Carry, Hijet au Minicab. Kama chini ya siti hakuna injini, lala chini uangalie nyuma. Ikiwa chini ya bodi ya mizigo, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, hiyo ni Acty. Ikiwa imekaa nyuma kabisa, imepita ekseli, na ina silinda nne badala ya tatu, ni Sambar. Sambar ya miaka hiyo ndiyo yenye silinda nne, na ukisikia sauti yake utajua.

Na jambo moja kuhusu tairi nne, kwa sababu vijana wengi wanaiwasha kwa kujionyesha mjini: kwenye nyingi ya hizi kirikuu za zamani ni ya kuunganisha kwa muda, hakuna difu ya katikati. Kwenye lami kavu ukikata kona, tairi za mbele na za nyuma zinataka kwenda mwendo tofauti na hazina nafasi hiyo. Kinachoumia ni giaboksi na shafti. Iwashe kwenye tope na mchanga, ukitoka izime.

Mdau wa Arusha

Asante sana mkuu, ubarikiwe. Nimenyanyua siti na injini ipo hapo hapo. Nasubiri hiyo ya matengenezo.

Mleta uzi

Mrejesho, sehemu ya pili.

Watu wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mimi nilianza chini. Nilitoa bodi ya mizigo (boti zake nne zilikatwa kwa grainda, hazikuwa za kufunguka), nikatoa tangi la mafuta, nikaosha chesisi kwa sabuni na maji ya presha, halafu nikaipita yote kwa nyundo ndogo. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa, na mara nyingine nyundo inazama. Nilipata sehemu tatu. Mbili ziko pale springi za nyuma zinaposhikwa, upande wa kulia kukiwa na ufa wa urefu wa kidole.

Ufa huo nauelewa. Kisheria kule Japani gari hii inabeba kilo 350. Mzee alikuwa anapanga magunia kumi ya machungwa na watu wawili juu yake. Aliongeza majani ya springi ili isilale, na kweli haikulala, lakini mzigo ule haukupotea, ulihamia kwenye chesisi. Simlaumu, alikuwa analea watoto sita. Ila kwa sisi tunaofufua hizi gari, ukiona springi zimeongezwa, tafuta ufa. Upo.

Nilikata sehemu zilizooza mpaka nikafika kwenye chuma kinachong'aa, kisha fundi akachomelea vipande vya bati nene tulivyokunja kufuata umbo la chesisi. Msibandike bati juu ya kutu. Kutu inaendelea kula huku ndani na bati lenyewe linashika maji. Na betri itolewe kabla ya kuchomelea, tangi nalo liwe mbali, sio kufunikwa tu kwa gunia bichi kama ninavyoona wengine wakifanya.

Mdau wa Mombasa

Nduguyo niko Likoni, na hapa kwetu chumvi ya bahari haina huruma. Kwetu Kenya hairuhusiwi kuingiza gari iliyopita miaka minane, kwa hivyo hizi za zamani tulizonazo ni zile zilizoingia kitambo, ikifa moja ndiyo imekwisha hiyo. Tumejifunza kuzitunza.

La kwanza, hata kabla haijafika kwetu, gari ikiwa imetumika kule kaskazini mwa Japani, kama Hokkaido, basi imeshatembea kwenye barabara zinazomwagwa chumvi wakati wa theluji. Chini yake iangalie mara mbili. La pili, baada ya kuchomelea, kutu huanzia ndani ya chesisi ambako brashi haifiki. Mimi natia nta ya kuzuia kutu kwa bomba jembamba kupitia yale matundu, mpaka iwe yadondoka upande wa pili. Wako wapakao oili chafu ya injini. Mwaka wa kwanza yapendeza, mwaka wa pili imeshika vumbi na vumbi limeshika maji. Na yale matundu ya chini msiyazibe, ndiko maji yatokeako.

Mleta uzi

Shukrani sana ndugu yangu. La matundu sikulijua, fundi alishaziba mawili kwa puti. Kesho nayatoboa.

Mzee wa gereji, Morogoro

Wanangu, nimefanya kazi hii toka enzi za Carry za mipigo miwili. Mleta uzi hujasema kwa nini ilichemsha. Ukiivisha gasketi mpya bila kujua sababu, utarudi hapo hapo.

Mleta uzi

Shikamoo mzee. Ni kweli, nilikuwa nakuja huko.

Kabla ya kufungua hedi nilipima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Silinda ya kwanza psi 165, ya pili 160, ya tatu 95. Nikatia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya tatu, nikapima tena, ikapanda kidogo tu, 100. Ingepanda sana ningejua ringi za pistoni zimeisha, maana oili huziba pale kwa muda. Haikupanda, kwa hiyo uvujaji uko juu. Tulipofungua tukakuta gasketi imeungua na valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu imeliwa ukingoni. Nikaweka rula ya chuma juu ya hedi, wembe ukapita katikati. Wembe wa kunyolea una unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwa hedi ndogo kama hii hilo ni pinda kubwa. Ikaenda kupigwa fesi, yaani kusawazishwa uso kwa mashine.

Sasa sababu. Kwenye Carry hii injini iko chini ya siti lakini rejeta iko mbele kule kwenye grili. Maji yanasafiri kwenye mabomba marefu ya chuma chini ya sakafu. Bomba moja lilikuwa limeoza kwa juu, mahali ambapo huoni ukiwa umelala chini, likawa linatoa maji matone matone. Na themostati, kile kifaa kinachozuia maji yasipite kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, haikuwepo, ilishatolewa na mtu zamani.

Mzee wa gereji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye themostati nataka vijana wanisikie. Inatolewa kwa imani kwamba maji yakipita moja kwa moja gari haitachemsha. Lakini injini sasa haifikii joto lake, petroli haiungui vizuri, oili inachakaa, silinda zinalika. Na siku rejeta inapoanza kuziba huoni dalili mapema, unaona siku imeshapasua gasketi. Nchi yetu ina joto, ndiyo, na waliotengeneza themostati walilijua joto pia. Rudisha.

Kingine, hizo zenye injini chini ya siti hubakiza hewa kwenye mabomba. Ukijaza maji, paki pua ikitazama mlimani, fungua hita mpaka mwisho, washa na mfuniko wa rejeta wazi, uwe unaongeza mpaka mapovu yaishe. Vijana wengi wanajaza, wanafunga, wanaondoka. Baada ya kilomita tano inachemsha, wanasema hedi ni mbovu. Hewa hiyo. Na tia kulanti, ile dawa ya rejeta, maji ya kisima yanakula alumini ya hedi.

Mleta uzi

Nimefanya yote mawili mzee. Mabomba yote nimeweka mapya, hosi nazo, themostati imerudi. Mkanda wa taimingi nimebadilisha bila hata kuukagua, mpira uliokaa miaka minane si wa kuuamini hata kama unaonekana mzima.

Kwa upande wa mafuta, petroli ilikuwa imegeuka kama shira. Tangi nililitia kokoto na kipande cha mnyororo, nikalitikisa na jirani zangu wawili karibu nusu saa, nikasuuza, nikarudia. Kabureta tukaifungua yote. Onyo kwa mwenye kabureta ya hizi F6A: ina vihosi vyembamba vya upepo vingi mno. Kabla ya kung'oa hata kimoja, piga picha, funga kila kimoja kikaratasi chenye namba. Mafundi wengi wakishindwa kuvirudisha wanaviziba kwa misumari, gari inawaka lakini inatetemeka ikiwa imesimama inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na inakunywa mafuta. Vyangu vinne vilikuwa na misumari.

Breki za nyuma silinda zake ziliganda kabisa, nilinunua mpya pande zote mbili. Tairi ni 145R12 za mizigo. Angalia ukutani mwa tairi kama imeandikwa idadi ya plai (matabaka ya tairi), maana kuna za saizi hiyo hiyo za gari ndogo za abiria na hizo hazitahimili.

Mdau wa Arusha

Mkuu na rangi je? Na karatasi?

Mleta uzi

Karatasi kwanza. Kama injini iliyomo siyo iliyoandikwa kwenye kadi, au unabadilisha rangi, kadi nayo ibadilishwe. Peleka gari ikakaguliwe kabla hujaanza kuitembeza. Mzee hakufanya hivyo 2009, nimelifanya mimi sasa.

Rangi. Gari ilikuwa ya bluu, lakini kibati cha kiwandani kilinionyesha kuwa ilizaliwa nyeupe. Nyeupe ya kawaida ya Suzuki ndiyo ile yenye namba 26U, na muuza rangi ukimtajia namba anakuchanganyia bila kubahatisha. Tulipopiga msasa mlango wa kushoto, chini ya bluu ya mzee kulikuwa na nyeupe, na juu ya hiyo nyeupe kukatokea herufi za Kijapani zilizoandikwa kwa brashi. Nikaacha msasa. Nikazielekezea kamera ya simu inayotafsiri: duka la mbogamboga, na chini yake kitu kama "mboga za asubuhi".

Nilikaa chini pale nikazitazama muda mrefu. Kabla ya machungwa ya Muheza kulikuwa na mtu mwingine upande ule wa dunia anaamka alfajiri anapakia kabichi kwenye gari hii hii. Nikamwita mzee, nikamsomea. Akaniuliza kama rangi mpya itazifuta. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi huo mlango uuache.

Kwa hiyo gari yote ni nyeupe mpya, isipokuwa mlango wa kushoto una kipande chenye rangi ya zamani na maandishi yake, nimekipaka vanishi tu juu.

Mdau wa Mombasa

Umefanya vyema. Hebu tuambie, imewaka?

Mleta uzi

Imewaka Jumamosi. Mara ya kwanza ilikohoa, mara ya tatu ikashika. Nikaiacha ipate moto taratibu, feni ikaingia, sindano ya joto ikasimama katikati, haikusogea tena. Tukatoka na mzee mpaka barabara kuu na kurudi, mimi naendesha. Njia nzima hakusema neno, alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea kwenye siti, anasikiliza. Tulipofika uani nikazima, akakaa kidogo, akasema, "Ya tatu bado inachelewa."

Mimi sikusikia kitu. Lakini leo asubuhi nimetoa plagi zote, mbili zina rangi ya kahawa nzuri, ya tatu ni nyeusi. Kompresheni ya silinda hiyo sasa ni 160, kwa hiyo si valvu. Naanza na waya wa plagi, nikimaliza nitaleta mrejesho.